Tezi Dume na Lawama za Uzee

Miongoni mwa maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Hippocrates imo orodha ya maradhi ya wazee: pumzi fupi, kikohozi, viungo kuuma, kizunguzungu, kuwashwa mwili, kukosa usingizi, na kukojoa kwa shida. Aliyeipanga orodha hiyo alikuwa na jicho kali, na sidhani kama yuko daktari wa leo atakayeifuta. Hata hivyo imo kasoro ndani yake ambayo wanaume waliilipia kwa zaidi ya miaka 2000. Shida ya mkojo imewekwa pale kama tawi la kuzeeka, jirani ya kizunguzungu, wala haikuwekwa kama dalili ya kiungo fulani kilichoharibika mahali fulani. Mzee akikojoa matone, jibu lilikuwepo kabla ya swali: ni uzee. Ninavyoisoma historia ya tezi dume, jibu hilo lilichelewesha utambuzi wa kukua kwake kuliko ujinga wowote wa maumbile ya mwili. Wala hoja za wasomi hazikuliangusha. Lilianguka siku wapasuaji walipoweza kuitoa tezi na mgonjwa akaamka akakojoa. Katika ugonjwa huu tiba ilitangulia, utambuzi kamili ukaifuata.

Kipingamizi cha kwanza kinajulikana: zamani watu walikufa mapema, wazee wenyewe walikuwa wangapi? Wastani wa umri wa kuishi ulikuwa mdogo, ni kweli, lakini uliteremshwa zaidi na vifo vya watoto. Aliyevuka utoto, akaponea vita na tauni, aliweza kufika miaka 60 au 70, na hao walitosha kuwapa waganga kazi. Orodha ya Kigiriki yenyewe isingeandikwa kama wazee wasingekuwapo. Katika Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, imechimbuliwa mirija ya shaba iliyopindwa kama herufi S, ya kutolea mkojo kibofuni. Huko Kurtuba, al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza mrija wa fedha na namna ya kuupitisha taratibu kwa mtu aliyezibwa mkojo. Vifaa vya namna hii havitengenezwi kwa ajili ya tatizo la nadra. Ustaarabu baada ya ustaarabu ulijua kuutoa mkojo uliokwama. Kisichojulikana kilikuwa ni nini kilichoukwamisha.

Tezi yenyewe haikuwa siri kwa muda wote huo. Niccolò Massa wa Venice aliieleza mwaka 1536, na Andreas Vesalius akaichora miaka 2 baadaye, ikiwa pale pale ilipo: chini ya kibofu, ikiuzunguka mwanzo wa njia ya mkojo. Mtu angetarajia kwamba baada ya mchoro huo mambo yangenyooka. Hayakunyooka. Waganga wa karne ya 16, Andrés Laguna na Ambroise Paré wakiwamo, waliendelea kuandika kwamba mkojo huzibwa na vinyama vinavyoota ndani ya njia yake, wakavifukuza kwa nta iliyotiwa dawa za kuunguza. Hawakuwa wapumbavu. Kovu la kisonono huziba njia ya mkojo kwelikweli, na Ulaya ya wakati huo ilikuwa na kisonono cha kutosha. Zaidi ya hayo, maiti waliopewa wanaanatomia mara nyingi walikuwa wahalifu walionyongwa, na wanaonyongwa aghalabu si vikongwe. Tezi waliyoifahamu ilikuwa ya kijana, yenye uzito wa gramu 20 hivi, kitu kidogo kisichomdhuru mtu. Mzee mwenye tezi kubwa alifia kitandani kwake, akazikwa nayo.

Aliyelibadilisha hilo ni Giovanni Battista Morgagni wa Padua, aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1761 akiwa na miaka 79, naye mzee tayari. Njia yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: andika alivyougua mtu, subiri afe, mfungue, kisha linganisha. Kwa wanaume walioteseka na mkojo alikuta tezi imevimba, imeusukuma mlango wa kibofu, na kibofu chenyewe kimeharibika juu yake. John Hunter wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1786, alizifuata alama hizo hadi kwenye namna ugonjwa unavyotenda. Kibofu kinapolazimika kusukuma dhidi ya kizuizi, misuli yake hunenepa hadi kwa ndani hujichora mifupamifupa kama pau za paa la nyumba; kikichoka, hubaki na mkojo usiotoka; mkojo hurudi juu, mirija ya figo hutanuka, na figo hufa polepole bila mgonjwa kuhisi lolote kiunoni. Mwaka 1806 shemeji yake, Everard Home, alieleza kijisehemu cha kati cha tezi kinachochomoza ndani ya kibofu na kulala juu ya tundu, hata kadiri mtu anavyojikamua kwa nguvu ndivyo anavyozidi kulifunga. (Home huyu ndiye aliyekuja kuyachoma maandishi ya Hunter, kwa hiyo ni vigumu kusema kipi kilikuwa chake na kipi cha marehemu.) Kufikia hapo, karibu kila ambacho mwanafunzi wa udaktari wa leo huulizwa kuhusu namna kizuizi kinavyokidhuru kibofu na figo kilikuwa kimekwisha andikwa.

Na bado hakuna kilichobadilika. Miaka ya 1830, Benjamin Brodie, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa Uingereza, aliwafundisha wanafunzi kwamba mvi zikianza kutoka, nywele zikipungua, na duara jeupe likijichora machoni, tezi nayo hukua, karibu bila kukosa. Maelezo hayo ni sahihi, na ndiyo maana yanasikitisha. Mtu aliyekuwa na Morgagni na Hunter kwenye rafu yake aliirudisha tezi katika orodha ile ile ya Kigiriki, safari hii pamoja na mvi, na hakuna anayetibu mvi. Nadhani sababu haikuwa uzembe wa akili. Daktari aliyeitambua tezi hakuwa na cha kumpa mgonjwa ila mrija, na mrija hauulizi mkojo umezibwa na nini. Tofauti kati ya tezi, jiwe na kovu ilikuwa na faida pale tu ilipogeuza mkono wa mtabibu. Ilipougeuza, ilitambuliwa mara moja: Auguste Mercier wa Paris aliikunja kidogo ncha ya mrija ili iparamie mwinuko wa tezi badala ya kuuchubua. Mkunjo ule, ambao bado unatumika hospitalini, ni utambuzi uliofanywa kuwa kifaa.

Mrija ulizaa maisha ya namna yake. Waungwana wa karne ya 19 walifundishwa kujitia wenyewe, mara kadhaa kwa siku, na wapo waliouficha ndani ya bakora ili waalikwe chakula cha jioni bila kuaibika. Auguste Nélaton alipotengeneza mrija wa mpira laini maumivu yalipungua, lakini vijidudu viliingia nao kama vilivyoingia na ule wa fedha, kwa kuwa ulifutwa kwa kitambaa na kurudishwa mfukoni. Aliyeanza maisha hayo alijua kwamba homa ya mkojo itamfikia, ama mwaka huu ama ujao. Ilipomfikia, cheti cha kifo kiliandika figo au homa, na familia ikasema uzee.

Nadharia iliyoupa uzee heshima ya kisayansi ilitoka katika hospitali ya Necker, Paris. Félix Guyon, bingwa mkuu wa mkojo wa zama zake, pamoja na mwanafunzi wake Launois, walidai miaka ya 1880 kwamba tezi kukua ni kisa kimoja tu cha ugonjwa mpana: mishipa ya damu ya wazee hukakamaa, na ukakamavu huo huuchakaza mfumo mzima wa mkojo, kibofu, figo na tezi kwa pamoja. Ni nadharia ya kuvutia. Ilieleza kwa nini wapo wenye tezi kubwa wasiolalamika na wenye tezi ndogo wanaoteseka, jambo ambalo hesabu ya kizuizi peke yake haiwezi kulieleza. Ilieleza pia kwa nini kibofu hakimwagi mkojo wote hata mrija ukiondolewa. Lakini tazama ilikoelekea: kama kibofu chenyewe kimezeeka, kuitoa tezi ni kumkata mzee bure. Guyon, mtu makini aliyezigawa hatua za ugonjwa vizuri kuliko waliomtangulia, akawa mlinzi wa kutofanya kitu.

Kabla kisu hakijamjibu, palipita muongo wa ajabu. Ilikuwa imefahamika tangu Hunter kwamba mnyama aliyehasiwa tezi yake hunywea. Mwaka 1893 J. William White wa Philadelphia alipendekeza wazee wahasiwe, na mwaka 1895 akachapisha hesabu ya wagonjwa 111. Wengi walipata nafuu, tezi ikapungua. Lakini karibu 18 kati ya kila 100 walikufa, na waliobaki hai hawakuwa wote na furaha. Wengine wakajaribu njia ya upole zaidi, kukata mirija ya mbegu, ambayo haikusaidia kitu. Wazo likatupwa pamoja na aibu yake, ingawa ndani yake ilikuwamo kweli kwamba tezi hukua kwa amri ya homoni za korodani. Kweli hiyo ilikaa kando hadi mwaka 1974, pale Julianne Imperato-McGinley na wenzake walipoeleza watu wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika waliozaliwa bila kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya kiume kuwa nyingine yenye nguvu zaidi. Wanaume hao walibaki na tezi ndogo maisha yao yote. Dawa ya finasteride, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, huiga upungufu wao.

Jibu kwa Guyon lilitoka kwa mtu aliyerudi kutoka India. Peter Freyer, Mwairishi aliyetumikia huko miaka mingi akivunja mawe ya kibofu, alifanya operesheni yake ya kwanza ya tezi London mwezi Desemba 1900 na kutangaza wagonjwa wanne wa mwanzo mwaka 1901. Alipasua juu ya kinena, akafungua kibofu, akaingiza kidole; kidole kingine, kilichoingizwa katika njia ya haja kubwa, kiliisukuma tezi juu kukutana nacho. Kwa ukucha alipasua utando, akazungusha kidole na kuibandua tezi katika ganda lake, kwa dakika chache, kisha akaweka mrija mnene wa kutolea damu na mkojo. Eugene Fuller wa New York alilalamika, na kwa haki, kwamba alikuwa amefanya hivyo tangu mwaka 1894. Ugomvi wao ulikuwa mrefu na hauna faida kwetu. Kilicho na faida ni kilichotokea baadaye: wazee walioishi kwa mrija miaka mingi, ambao nadharia ya Paris ilisema vibofu vyao vimekufa kwa uzee, walianza kukojoa wenyewe. Kibofu hakikuwa kimezeeka, kilikuwa kimezibwa. Kufikia mwaka 1912 Freyer alikuwa amefanya operesheni 1000, na waliokufa ni wapatao 5 kati ya 100. Hakuna mjadala wa chuoni uliokwisha kwa ushahidi mkubwa namna hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba Freyer mwenyewe hakujua alichokuwa akikitoa. Aliamini ameitoa tezi nzima. Kwa kweli alitoa uvimbe uliomea katikati yake, na tezi halisi ilibaki nyuma, imebanwa ikawa nyembamba kama ganda. John McNeal, katika kazi yake ya miaka ya 1960 na 1970, alionyesha kwamba uvimbe huu huanzia katika eneo dogo linaloizunguka njia ya mkojo, ilhali saratani kwa kawaida huanzia ukanda wa nje. Kwa hiyo kukua huku si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Na kwa sababu hiyo hiyo, aliyefanyiwa operesheni bado anaweza kupata saratani katika sehemu iliyoachwa. Tiba ilifaulu kwa miongo sita kabla ya kueleweka ilichofanya.

Hapa ndipo kipingamizi kizito kinaposimama. Ikiwa utambuzi hufuata tiba, je, tiba haiwezi kubuni ugonjwa? Uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha chembe za ukuaji huu kwa nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60, na kwa takriban 90 kati ya 100 waliopita miaka 85. Jambo linalowapata karibu wote, mtu atauliza, ni ugonjwa au ni maumbile? Na anayefaidika tukiliita ugonjwa si mwenye duka la dawa? Swali hili lina haki yake. Guyon alikosea kuhusu kibofu, lakini aliona sawasawa kwamba ukubwa wa tezi na ukubwa wa mateso haviendi pamoja. Wataalamu wa Marekani walikubali hilo mwaka 1992 walipotunga maswali 7, yenye alama 0 hadi 35, yanayomuuliza mgonjwa mwenyewe: unahisi kama kibofu bado kina mkojo baada ya kumaliza? Unarudi kukojoa kabla ya saa mbili kupita? Mkojo hukatika na kuanza tena? Unashindwa kujizuia? Mkondo ni dhaifu? Unajikamua ili uanze? Usiku unaamka mara ngapi? Haliulizwi swali hata moja kuhusu ukubwa wa tezi. Kisha mwaka 1995 ukachapishwa utafiti wa wanaume 556 wenye dalili za wastani, nusu wakipasuliwa na nusu wakiangaliwa tu. Waliopasuliwa walipata nafuu zaidi, lakini kwa karibu miaka 3 ni robo tu ya walioangaliwa waliohitaji kuhamia kwenye kisu. Kwa hiyo mzee anayeamka mara mbili usiku na wala halimkeri ana haki ya kuachwa alale. Ila figo zilizotanuka alizoziona Hunter hazikubuniwa na muuzaji yeyote, na kujua nani ataachwa na nani hataachwa kunahitaji kwanza neno uzee liondolewe kama jibu.

Afrika Mashariki inaingia katika kisa hiki kwa mlango wa msituni. Mti ambao Wakikuyu huuita mũiri, na wataalamu Prunus africana, huota katika misitu ya milima kuanzia Kamerun hadi Kivu, Aberdare na Kilimanjaro, na magome yake yamekuwa dawa ya mambo mengi kwa wenyeji. Mwaka 1966 Jacques Debat wa Ufaransa alipata hataza ya kutengeneza dawa ya tezi dume kutokana na magome hayo, na kwa miongo kadhaa yalivunwa kwa ajili ya wazee wa Ulaya, mara nyingi kwa kumenya mti mzima hadi ukafa ukiwa umesimama. Mwaka 1995 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliiwekea masharti biashara yake. Mapitio ya majaribio 18 yenye wanaume 1562 yalikuta nafuu ya kiasi, katika majaribio mengi mafupi. Magome yaliondoka, utambuzi haukuja nayo. Mzee wa chini ya milima ile ile aliendelea kuambiwa ni umri, au ni ngiri, au ni kichocho. Wapo waliotibiwa kisonono cha ujanani kwa mara ya tatu, sawasawa na wagonjwa wa Laguna na vinyama vyao.

Wengi husema tatizo letu ni aibu: mwanamume wa Kiafrika hakubali kipimo cha kidole. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, na wenye kampeni za afya hulirudia hilo kila mwaka. Siikatai aibu, lakini naona inabebeshwa mzigo usio wake. Mwingereza wa bakora alikuwa na aibu kuliko mtu yeyote, na bado wazee walimfuata Freyer kwa mamia, kwa sababu habari zilienea kwamba anayeingia kwake hutoka akikojoa. Katika hospitali zetu za rufaa wagonjwa wengi hufika mkojo ukiwa umeziba kabisa. Huwekewa mpira, kisha huambiwa wasubiri zamu ya upasuaji, na kwa kuwa mabingwa wa urolojia ni wachache, zamu huweza kuwa ya miezi. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina taasisi inayowafunza mabingwa hao, na kazi yao si ndogo. Lakini mtu wa wilaya ya mbali ameuza mbuzi apate nauli, amerudi na mfuko wa mkojo umefungwa pajani, na majirani wamemwona. Wanachojifunza kutoka kwake ni kwamba kwenda hospitali mapema au kuchelewa mwisho wake ni mpira. Hayo ni maisha ya mrija ya karne ya 19, na yanafundisha kile kile yalichofundisha wakati wa Brodie. Kampeni inayowahimiza wanaume wenye miaka 50 waende wakapimwe, bila chumba cha upasuaji kuongezewa siku hata moja ya kufanya kazi, inawaomba waukubali utambuzi ambao hata waungwana wa London hawakuona faida yake mpaka mwaka 1901.